Sabuni ya Siku Tano

3 Februari

Kaka yangu,

Nikikupigia simu unanikatiza katikati ya sentensi, halafu unasema uko kikaoni. Barua huwezi kuikatiza, kwa hiyo vumilia usome hadi mwisho.

Sisi huku hatujambo. Shuleni nimeanza na kidato cha tatu mada ya mambo ya ndani yanayoathiri biashara: uongozi, wafanyakazi, mitambo, malengo, na jinsi maneno yanavyotoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo na kurudi. Wiki iliyopita niliyaandika yote ubaoni, wakayanakili. Nilipowauliza maana yake, wakanisomea nilichoandika. Kasuku watupu. Kiranja wa darasa, msichana asiyeogopa mtu, akaniambia kwa adabu kabisa kwamba hajawahi kuiona biashara kwa ndani, yeye anaonaga dirisha la duka tu.

Ndipo nikakumbuka kwamba nina kiwanda. Najua utacheka. Wewe ndiye mkurugenzi, mimi ni wa kuletewa miche ya sabuni mwisho wa mwaka. Lakini baba alituandikia sote wawili kwenye wosia, na kiwanda kiko dakika ishirini kwa miguu kutoka shuleni kwangu, wakati wewe uko saa nane kwa basi. Naomba niwapeleke wanafunzi wangu thelathini na wawili. Waione sufuria, waingie chumba cha kukaushia, waongee na wafanyakazi. Nataka waulize wanachotaka.

Mdogo wako,
Kidomo


11 Februari

Kidomo,

Wapeleke. Nimeshamwambia msimamizi awapokee na kila mtoto aondoke na mche mmoja wa sabuni. Shemeji yangu wa stoo atawatembeza, maana anajua kuongea na wageni.

Ila usiwajaze watoto nadharia. Waambie ukweli wa biashara nchini. Adui yuko nje: kodi, umeme unaokatika, sabuni za kigeni zinazomwagwa sokoni kama mchanga. Ndani kwetu hakuna kasoro. Wafanyakazi kumi na tisa, wote wananiita baba, na wengine wamenizidi umri. Ukitaka mfano wa uongozi bora, mfano ndio huo.

Waambie pia wasiguse mitambo. Mwezi wa nne nitakuwa na wageni wangu wanaotaka kukiona kiwanda, na nataka wakikute kinang'aa.

Wasalimie watoto, wa shuleni na wa nyumbani.

Kaka yako


26 Februari

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: RIPOTI YA ZIARA YA KIDATO CHA TATU

Tunakushukuru kwa kutukaribisha na kwa sabuni. Mwalimu alituambia tuandike tulichokiona na si tulichotarajia kukiona. Tulikuwa makundi manne, na mimi nimeunganisha kazi za makundi yote.

Kundi la uongozi liliuliza nani anatoa amri kiwandani. Msimamizi alisema ni yeye. Shemeji wa stoo alisema ni yeye. Wachemshaji walisema ni simu. Tulipouliza simu ya nani, walisema yako. Siku tuliyokuwepo msimamizi aliagiza sufuria ya pili iwashwe, shemeji akasema mafuta hayatoki stoo bila wewe kuridhia, na wewe ulikuwa hupatikani. Watu tisa walikaa kwenye ndoo wakatusimulia habari za mpira. Walikuwa wachangamfu sana.

Kundi la mitambo liliona mkanda wa mashine ya kukorogea umefungwa kwa raba ya tairi ya baiskeli. Fundi mkuu, ambaye wote wanamwita Mzee Chumvi kwa sababu ndiye anayetia chumvi kwenye sufuria na pia kwa sababu amekula chumvi nyingi, alisema ameomba mkanda mpya mara nne kwa maandishi. Alituonyesha nakala. Zote zimeandikwa "subiri".

Kundi la bidhaa ndilo langu. Sisi tunaolala bweni tunaijua sabuni yako, maana unaipa shule yetu bure, na kwa hilo tunashukuru. Lakini inayeyuka kwenye beseni kabla shati moja halijatakata. Tulidhani ni maji ya shule. Mzee Chumvi alisema sabuni inatakiwa kukaa kwenye chanja siku kumi na nne, na kwamba tangu mwaka juzi inakaa siku tano kwa agizo. Tuliuliza agizo la nani, akaendelea kukata. Tulibonyeza mche kwa kidole gumba. Kidole kiliingia.

Kundi la mawasiliano liliona sanduku la maoni ukutani. Lina kufuli. Tuliuliza ufunguo uko wapi, tukaambiwa unao wewe. Tulilitikisa kidogo. Limejaa.

Mwalimu alitusomea ushauri wako kwamba adui yuko nje. Tulitafuta kwa makini, ila kodi na sabuni za kigeni hatukuzikuta mle ndani. Umeme haukukatika siku hiyo. Tunapendekeza mkanda, siku kumi na nne, mtu mmoja wa kutoa amri, na ufunguo.

Wako mtiifu,
Kiranja, kwa niaba ya darasa


6 Machi

Kidomo,

Sijawahi kudhalilishwa hivi. Nimefungua milango ya kiwanda cha baba yetu, nimewapa watoto wako sabuni, nao wamenivua nguo. Halafu nasikia kutoka kwa mtu anayetuuzia mafuta, hata si kwako, kwamba ripoti yenyewe uliibandika ukutani siku ya wazazi, kwa herufi kubwa, na picha ya kidole imechorwa.

"Tulilitikisa kidogo. Limejaa." Nani amewafundisha watoto wa miaka kumi na sita kuandika hivyo? Wewe. Tangu utoto ulikuwa huwezi kufunga mdomo, ndiyo maana mama akakupa jina hilo.

Nataka mambo matatu. Karatasi ibanduliwe. Darasa liandike barua ya kuomba radhi na kusema kwamba walielewa vibaya. Na uniambie nani aliwamwagia siri, ingawa najua. Nimeshamsimamisha kazi yule mzee, na akitaka kurudi atatia sahihi maelezo kwamba hakusema hayo. Mkuu wako wa shule nimeongea naye. Yeye ni mtu mwelewa.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya wakili. Ni mambo ya kawaida ya usajili. Tia sahihi penye alama ya msalaba, irudishe kabla ya mwisho wa mwezi.

Kaka yako


9 Machi

Kwa Mwalimu wa Biashara, Kidato cha Tatu

YAH: KUKIUKA UTARATIBU WA KUFUNDISHA

Ofisi yangu imepokea malalamiko kutoka kwa mfadhili wa shule. Kuanzia leo unaagizwa kufundisha mada husika kwa kufuata kitabu kilichoidhinishwa, bila mifano ya biashara zilizo hai. Ripoti iliyobandikwa ukutani iondolewe. Wanafunzi waandike barua ya kuomba radhi, nayo ipitie kwangu kabla ya kutumwa.

Usipotekeleza ndani ya siku saba, somo hili utanyang'anywa.

Mkuu wa Shule


15 Machi

Kaka,

Barua ya mkuu wa shule niliisoma darasani, yote, pamoja na yako penye mambo matatu. Sikuwaficha kitu. Nikawaambia, haya, tuombe radhi. Wakachukua kalamu kweli. Kisha kiranja akanyoosha mkono.

"Mwalimu," akasema, "tuombe radhi kwa sentensi ipi?"

Nikamwambia achague. Tukaipitia ripoti sentensi kwa sentensi. Palipo na uongo tutaomba radhi, niliwaambia, na mimi nitakuwa wa kwanza. Walibishana mpaka kengele ikalia na hakuna aliyetoka. Walikuta kosa moja. Limo kwenye barua yao, utaisoma.

Nimefundisha miaka kumi na minne na sijawahi kupata kipindi kama kile. Kwa hiyo karatasi iko ukutani bado. Mkuu wa shule akitaka kuibandua, ngazi iko stoo.

Kuhusu Mzee Chumvi, umekosea, na nakuambia bila kupepesa macho. Hakumwaga siri. Watoto walimuuliza kwa nini sabuni ni laini, akawajibu kama fundi anavyojibu. Ulitaka aseme nini, kwamba ni kodi?

Sasa hiyo karatasi ya wakili. Ulidhani nitatia sahihi penye msalaba bila kusoma, kwa sababu mimi ni mdogo wako na ni mwalimu tu. Niliisoma mara mbili. Neno "usajili" halimo. Limo neno "kuuza". Hao wageni wa mwezi wa nne ni wanunuzi, na ndiyo maana ulitaka pang'ae, na ndiyo maana kidole cha watoto kilikuuma kuliko ulivyostahili kuumia. Kwa nini hukuniambia?

Sitii sahihi.

Kidomo


15 Machi

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: MASAHIHISHO

Katika ripoti yetu, kwenye jedwali la ukurasa wa tatu, tuliandika kwamba kiwanda kina visanduku arobaini na sita vya kugandishia sabuni. Tumegundua kwamba ni arobaini na nane. Viwili vilikuwa nyuma ya mlango. Tunaomba radhi kwa kosa hilo.

Mengine yanabaki kama yalivyo. Nakala ya barua hii hatukuipitisha kwa mkuu wa shule kwa sababu alikuwa amesafiri, na kosa likijulikana ni vizuri lisahihishwe mapema.

Wako mtiifu,
Kiranja, kwa niaba ya darasa


20 Machi

Mkurugenzi,

Msimamizi ameniletea karatasi ya kutia sahihi kwamba watoto wamesema uongo. Nimemrudishia.

Nimechemsha sabuni miaka thelathini na mmoja. Baba yako alinifundisha kuonja kwa ncha ya ulimi nijue magadi yamekolea au bado. Hakuwahi kuniuliza nini nimesema na nani. Aliniuliza sabuni imekauka au haijakauka.

Uliposema siku tano, nilikupigia simu. Ukasema soko halisubiri. Nikakupigia tena sabuni zilipoanza kurudishwa na wenye maduka. Ukasema niongee na shemeji yako. Yule bwana anajua kufunga stoo, sabuni haijui. Nikaandika kwenye karatasi, nikatumbukiza kwenye sanduku. Niliandika kila mwezi, mpaka sanduku likakataa.

Watoto walikuja wakaniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa tangu baba yako afariki. Nikajibu. Kazi ni yako, unaweza kuichukua. Jibu siwezi kulirudisha tumboni.

Sitaki unionee huruma. Nina mikono.

Fundi Mchemshaji


7 Aprili

Kidomo,

Wageni walikuja. Nilisafiri nao mwenyewe, nikavaa suti. Ripoti hawakuwa wameisoma, kwa hiyo ondoa wasiwasi kwamba watoto wako ndio walioniharibia. Mmoja wao aliokota mche kwenye chanja, akaubonyeza kwa kidole gumba huku anaongea mambo mengine. Kidole kikaingia. Akakifuta kwenye kitambaa chake, akaendelea na mazungumzo yake. Ningependelea anitukane.

Kisha wakapima kuta. Sabuni hawaitaki kabisa. Wanataka jengo la kuwekea vigae. Sufuria ya baba itauzwa chuma chakavu. Nilipouliza habari za wafanyakazi, wakaniuliza, "Wafanyakazi gani?"

Lakini bado nakuomba utie sahihi, na nitakueleza kwa nini, na ukimaliza kusoma uichome barua hii. Mimi sijui kuchemsha sabuni. Baba alinipa ukurugenzi kwa kuwa ni mtoto wa kwanza na wa kiume. Wewe ndiye uliyekuwa unashinda pale baada ya shule, unauliza maswali mpaka wachemshaji wanakimbia. Mimi harufu ya magadi ilinitapisha. Nilihamia jijini ili nisionekane sijui. Agizo la siku tano nililitoa ofisini, mbele ya kalenda, kwa sababu mfanyabiashara mmoja alitaka mzigo haraka, nami sikujua kwamba siku zile zina kazi. Fundi aliponipigia, nikaona aibu kuuliza, nikamfokea. Aliponipigia tena nilikuwa nimeshamfokea mara moja, ningeanzaje kuuliza?

Miaka sita nimejikaza kisabuni, na hata sabuni yenyewe haikazi. Nimechoka. Tuuze, tupumzike.

Hilo la kutojua, wanafunzi wako wasilisikie.

Kaka yako


14 Aprili

Kaka,

Barua sijaichoma, lakini nimeifungia kabatini na hakuna atakayeisoma.

Nililia kidogo, nikapiga pasi nguo za wiki nzima, kisha nikakaa kukuandikia. Ungeniambia mambo haya miaka sita iliyopita ningekuja jijini nikakushika mkono. Hukuniambia. Ulikodi ofisi yenye kioo, ukanitumia miche miwili na kadi. Na mimi pia nilikaa dakika ishirini kutoka pale nikafumba macho, kwa sababu ilikuwa rahisi kusema kiwanda ni cha kaka. Hilo ni langu, nalibeba.

Lakini kutojua si sababu ya kuwatupa nje watu kumi na tisa. Mtoto wa kidato cha tatu hajui kuchemsha sabuni, na aliijua shida ya kiwanda kwa asubuhi moja, kwa kuuliza tu. Wewe umeogopa swali moja miaka sita.

Kwa hiyo nasikia ombi lako na nalikataa. Sitii sahihi leo, sitii mwezi ujao, na usimtume mjomba wala wakili. Ukitaka kupumzika, pumzika kwa kumwachia anayejua. Mrudishe Mzee Chumvi. Yeye ndiye aamue lini sabuni inatoka kwenye chanja na lini mkanda unanunuliwa, bila simu ya mtu. Shemeji abaki na stoo na funguo zake, ila apokee amri sehemu moja. Na wewe uje. Si kwa suti. Uje usimame mbele ya sufuria uonyeshwe.

Ukikataa, nitakuja kusimama mimi, maana nina nafasi siku hizi. Somo la Biashara nimenyang'anywa. Kidato cha tatu wamepewa mwalimu wa michezo, anawasomea kitabu kuanzia ukurasa wa kwanza. Mimi nimepewa maktaba, nihesabu vitabu vilivyoliwa na mchwa. Mkuu wa shule alidhani nitaomba msamaha kabla ya kufika rafu ya pili. Hanijui.

Mdogo wako


30 Mei
Chumba cha kuchemshia

Kidomo,

Nakuandikia juu ya pipa, usishangae mwandiko. Uko shuleni dakika ishirini kutoka hapa na ningeweza kuja, lakini ulisema barua haikatizwi, na nina mambo ambayo nikitazamwa usoni sitayamaliza.

Nimefika Jumatatu. Nilikwenda kwa Mzee Chumvi nyumbani, nikamwambia arudi. Alinipa kiti, akanisikiliza, akasema hakufukuzwa nyumbani kwake kwa hiyo hawezi kurudishwa kutokea nyumbani kwake. Alisimamishwa mbele ya watu. Nikamwelewa. Jumanne saa mbili asubuhi nilisimama hapa mbele ya wote kumi na wanane, na yeye mlangoni amevaa shati safi kama mtu aliyekuja kutembea. Nikasema, "Mzee wangu, watoto walisema kweli. Nilikosea, na sabuni siijui. Naomba urudi unifundishe."

Hakuna aliyepiga makofi. Yeye alivua shati safi, akalitundika, akauliza nani ameacha sufuria na ukoko namna ile.

Shemeji amenuna. Atazoea, au aende. Mkanda umefungwa mpya. Sanduku nililifungua, ufunguo ulikuwa kwenye shada langu la funguo miaka yote, nikidhani ni wa kabati. Karatasi sitini na mbili. Nyingi zinasema mkanda na siku kumi na nne. Moja inauliza kama nilipona, maana walisikia naumwa. Sikujua kama walijua.

Mkono wangu wa kushoto una bandeji, magadi yaliniramba. Mzee alisema kila mchemshaji ana alama hiyo, na kwamba baba alikuwa nayo mgongoni mwa mkono. Wenye vigae nimewaandikia kwamba mwenye nusu amekataa. Nimekusingizia wewe, samahani, lakini ndio ukweli. Sijui kama tutasimama. Maduka yaliyotukimbia hayarudi kwa kuitwa mara moja.

Mkuu wako wa shule nilimwandikia nifute malalamiko. Kajibu kwamba suala sasa ni la nidhamu ya shule na si langu tena. Nimelianzisha mimi na kulizima siwezi. Nisamehe.

Kaka yako


12 Juni

Kwa Mwalimu, Maktaba

YAH: KURUDISHIWA SOMO

Kwa kuwa mfadhili ameondoa malalamiko, na kwa kuwa wazazi kumi na saba wameandika kwa ofisi hii, ninakurudishia somo la Biashara kidato cha tatu kwa sharti kwamba utatia sahihi ahadi iliyoambatanishwa. Utaahidi kutotoka na wanafunzi nje ya darasa, kutobandika kazi zao hadharani, na kuhakikisha hawatoi maoni juu ya uongozi wa taasisi yoyote.

Mkuu wa Shule


13 Juni

Kwa Mkuu wa Shule,

Ahadi yako nimeisoma na ninairudisha bila sahihi. Mwaka huu nimeletewa karatasi mbili za kutia sahihi, na hii ni ya pili kukataa.

Sharti la kwanza nitalitimiza kwa hiari. Sitatoka na wanafunzi nje. Hatuna haja.

Jumatano saa mbili asubuhi nitaingia kidato cha tatu na kuendelea na mada ileile ya mambo ya ndani: nani anatoa amri, nani anasikilizwa, na kwa nini. Wanafunzi wamekwisha kuchagua taasisi watakayoichunguza, na ni hii hapa. Wameniomba niwaombee ofisini kwako nafasi ya kukuuliza maswali. Wamenihakikishia watakuwa na adabu, nami nawaamini.

Kama utataka kunizuia, mlango wa darasa unafunguka kwa ndani, na walio ndani ni sisi. Kama utataka kukaa na kusikiliza, kiranja amekuwekea kiti mstari wa mbele.

Mwalimu wa Biashara